Mkia wa Nyamatope

Tabata, Dar es Salaam
4 Februari 2025

Kwa shangazi yangu Bi Mwanamina,

Assalaam aleikum, na shikamoo. Mimi mwanao Ashrafu ni mzima, mafua tu ndiyo yananisumbua. Natumaini mgongo wako umetulia na mikeka inakwenda. Juzi nilimpigia baba huko Utete. Goti bado linamuuma, ila ulimi wake mzima kabisa, alinigombeza robo saa nzima. Nisalimie binamu yangu Yasmin na wanawe.

Najua utauliza kwa nini naandika barua wakati Yasmin ana simu. Nimekumbuka maneno yako: "Anayetaka kitu kwangu aandike, maana simu ya nyumba hii inasikilizwa na mtaa mzima." Basi nataka kitu.

Unajua nachora katika kampuni ya magemu ya simu, ile michezo inayowafanya wajukuu wako wamnyang'anye mama yao simu. Bosi wetu, Mudrick, anatengeneza gemu jipya na anataka zimwi. Ametubandikia ukutani mazimwi ya magemu ya wenzetu: joka linalotema moto, jitu lenye jicho moja katikati ya paji, mwanamke mwenye nyoka badala ya nywele. Akasema, "Haya hayakuzuliwa na wachoraji. Yametoka kwenye hadithi za mabibi wa watu, wachoraji wakayatia rangi tu. Je, nyie kwenu mlisimuliwa nini?" Mkono wangu ukanyanyuka wenyewe. Nikasema: Nyamatope.

Shangazi, nakumbuka vipande tu. Anatoka kwenye tope mto ukishapungua mashambani. Anapiga hodi. Ana ulimi wa mbuzi, huo siwezi kuusahau maana ulikuwa wangu. Lakini sura yake kamili siipati. Tafadhali niandikie alivyo, kichwa hadi mkia. Nimepewa mpaka mwisho wa Mei. Bado niko kwenye majaribio ya kazi. Nikishindwa, kiti changu atakalia mwingine.

Idi nitakuja, inshallah.

Mwanao,
Ashrafu


Mtunda, Kibiti
26 Februari 2025

Mwanangu Ashrafu,

Waaleikum salaam, na marahaba. Barua yako imenifikia ikinuka nazi, kwa kuwa Khamisi aliisahau chini ya kiti cha lori lake siku kumi na mbili. Nimemsema mpaka akaomba maji. Yasmin mzima, wanawe wazima, na utundu wao mzima pia. Mgongo wangu usiuulize kwa barua. Anayeujali huja kuukanda. Na hiyo Idi unayosema ni Idi ya ngapi? Kibiti si Makka, mwanangu, hakutaki pasipoti.

Sasa sikiliza. Huyo bosi wako ana akili, ila nusu. Unaniuliza Nyamatope yukoje kana kwamba kuna mtu aliyemwona! Likizo zote zile ulizokaa mkekani kwangu ulikuwa unasikiliza nini? Nyamatope hana mwili. Hiyo ndiyo hadithi yenyewe. Mto ukirudi chini, yeye hubaki kwenye tope, sauti tupu. Anapita nyumba kwa nyumba: "Hodi wenyewe, niazimeni mwili nikawalindie mpunga." Basi kila mtoto wa nyumba humwazima kiungo kimoja, na hukitoa kwenye kile anachokiogopa kuliko vyote. Ukishamwazima kimekuwa chako, hakikutishi tena. Hivyo ndivyo mama yangu alivyotusimulia, naye kwa mama yake. Ndiyo maana Nyamatope wetu si wa jirani. Wa kwa mzee Zaidi alikuwa na kichwa cha karani wa kodi.

Wetu ni huyu. Yasmin alimwazima miguu ya korongo, maana alimkimbia korongo kuliko chui. Wewe, ulimi wa mbuzi, kwa vile mbuzi wa mzee Zaidi alikulamba uso umelala ukalia mpaka adhuhuri. Muzdalifa wangu, Mungu amrehemu, masikio ya popo. Alipotutoka na miaka yake saba, siku ya arobaini Yasmin aliyasema masikio yale kwa niaba yake, ndiyo maana yamebaki. Hiyo ndiyo kanuni: kiungo cha mtu husemwa na mwenyewe. Mwingine hakisemi mpaka mwenyewe awe amekufa.

Kwingine kote ni tope.

Na mimi nina swali. Huyo mwanamke wa nywele za nyoka, ni mtoto gani aliyemwazima? Na lile jitu, hilo jicho moja alilikopa kwa nani? Ulizia huko kwenu. Siamini kwamba nyoka wale walijiotea tu. Mahali fulani kulikuwa na mtoto aliyeogopa nyoka, na hakuna aliyeandika jina lake. Jambo hili limenikosesha raha siku mbili nzima, nashona ukili wa mkeka nawaza nyoka.

Ni mimi shangazi yako, mwenye mgongo


Tabata
2 Aprili 2025

Shangazi,

Shikamoo, na Idi njema iliyokwishapita. Najua nimesema nitakuja na sikuja. Kazi. Usinune sana. Nguo za watoto wa Yasmin nimempa Khamisi pamoja na barua hii, na safari hii nimemuapisha.

Swali lako nimelipeleka kazini. Mwanzoni walicheka. Tumetafuta kwenye mitandao siku nzima: kuna majina ya miungu, ya wafalme, ya mashujaa waliowaua hao mazimwi, lakini jina la mtoto hakuna hata moja. Mudrick akasema yeye utotoni aliogopa feni ya darini. Bosi mzima! Mchana ule kila mtu ofisini alikuwa anataja cha kwake. Sijawahi kuona ofisi yetu ikipendeza namna ile.

Sasa, shangazi, usinikasirikie. Umetaja watoto watatu. Tulikuwa wanne. Tangu Twalibu aondoke hapo nyumbani mwaka 2019 bila kuaga, sijakuona ukiandika jina la mwanao hata mara moja. Mimi nakumbuka kwamba yeye ndiye aliyempa Nyamatope mkia, na nakumbuka ulikuwa mkia gani. Naomba ruhusa yako niuchore.

Ashrafu


Mtunda
20 Aprili 2025

Ashrafu,

Nguo zimefika, zimewaenea, ile ya mdogo inamzidi lakini atakua. Mpunga wa huku umekubali, ndege ndio maadui. Nimepata rangi ya zambarau nzuri, nashona mkeka wa bi harusi wa Chumbi.

Mwenye mkia hayupo.

Msalimie bosi wako wa feni.

Shangazi yako


Mtunda
27 Mei 2025

Ashrafu,

Leo sina salamu.

Yasmin amenionyesha kwenye simu picha uliyomtumia. Miguu nimeiona. Masikio ya Muzdalifa nimeyaona, nimeyashika kwa kidole mpaka picha ikakimbia. Ulimi wako nimeuona, nimecheka. Kisha nikaona mkia. Mkia wa mamba.

Nani ameusema mkia wa mwanangu? Kanuni unaijua, nilikuandikia kwa mkono wangu huu niliofundishwa kuandika ukubwani. Kiungo cha aliye hai hakisemwi na mwingine. Basi kuna kitu unakijua. Mto gani? Mamba wa wapi?

Miaka sita, Ashrafu, komeo la mlango wa uani silifungi. Watu wananiambia nimsahau. Mimi nikajiambia yu hai, kwa kuwa hakuna aliyekuja kukisema kiungo chake. Nilikuwa na hilo tu, na wewe umekuja kulichukua kwa rangi ya kijani.

Yasmin anasema ni picha tu ya gemu. Yasmin hajui. Mwalimu wa madrasa nimemwambia asubiri kwanza kabla ya kusoma khitma.

Usinipigie simu. Jambo kama hili nikilisikia sikioni nitaanguka. Liandike, nilifungue nikiwa nimekaa chini. Mwanangu amefia wapi?

Mwanamina


Tabata
29 Mei 2025

Shangazi,

Twalibu hajafa. Nimeliandika hilo la kwanza ili ulisome la kwanza. Wallahi sina habari yoyote mbaya juu yake. Khamisi nitamtilia barua hii mfukoni mwa shati, na nitasimama mpaka lori liondoke.

Nisamehe. Mudrick alisema zimwi lisilo na mkia linaonekana halijaisha, na tarehe ilikuwa imenibana shingo. Nikadhani nikiweka mkia mwingine, usio wake, nitakuwa sijavunja kanuni. Nikachukua mamba kwa kuwa mto wetu una mamba, basi. Sikufikiri kwamba ukiona mahali pake pamejazwa utajua amekufa. Mimi niliyelelewa mkekani kwako nilipaswa kufikiri.

Na kuna jingine. Nimelificha miaka sita na leo linaniunguza. Twalibu alipoondoka alilala kwangu siku mbili. Alisema anakwenda Mtwara, avuke Ruvuma, afike Nampula, ana rafiki yake fundi pikipiki huko. Akaniambia, "Mama akiuliza, mwambie. Asipouliza, nyamaza." Hukuuliza, nikanyamaza. Baada ya mwezi namba yake ikafa. Ndiyo maana Idi zinapita siji, shangazi. Si kazi. Ningekutazama vipi usoni?

Mkia wa mamba nimeufuta. Mudrick amepandisha hasira, nimemwambia akitaka mkia atafute mchoraji mwingine. Amenipa wiki tatu nifikirie. Sifikirii.

Mwanao, kama bado ni mwanao,
Ashrafu


Mtunda
15 Juni 2025

Mwanangu Ashrafu,

Assalaam aleikum. Nilikaa chini, nikasoma, nikalia, nikaoga, nikarudi kusoma. Nampula! Nimemuuliza Khamisi ni umbali gani, akasema lori lake halifiki hata akiliombea dua. Mwalimu nimemwambia khitma hakuna, aende zake akale.

Nilikukasirikia siku tatu, ya nne nikachoka. Mimi sikuuliza kwa kuwa nilidhani hujui. Wewe hukusema kwa kuwa sikuuliza. Tazama wajinga wawili, Kibiti mmoja na Dar mmoja, na katikati barabara ya lami!

Na wewe hukuwahi kuniuliza kwa nini aliondoka. Basi nakuambia bila kuulizwa, tusije tukamaliza miaka mingine sita. Alitaka kwenda hukohuko alikokwenda baba yake asirudi. Siku ile nilikuwa napika. Nikampiga, kijana wa miaka ishirini na miwili, mbele ya wenzake, kwa kitu kilichokuwa mkononi mwangu. Unakijua kitu hicho. Wenzake wakacheka. Alfajiri kitanda kitupu. Kitu chenyewe nimekitundika ukutani tangu siku ile, sijakigusa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini aibu yangu mimi hakuna anayeijua ila wewe sasa.

Mkia usimchoree. Acha pengo. Bosi wako akikataa pengo, mwambie hivi: lile jitu lake la ukutani lina pengo la jicho la pili, na limeishi miaka yote hiyo, na watu wanalitambua kwa pengo hilo.

Na bado ni mwanangu. Usiniandikie upuuzi tena.

Shangazi yako


Tabata
24 Agosti 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nilitaka kumpigia Yasmin palepale, nikakumbuka: jambo kubwa liandikwe, ulifungue umekaa. Basi kaa chini kwanza. Umekaa?

Naanza na Mudrick. Nilipomsomea maneno yako ya jicho la pili alicheka, kisha akaenda kusimama mbele ya lile jitu ukutani muda mrefu. Akarudi akasema, "Shangazi yako aajiriwe." Kazi nimethibitishwa. Gemu tumelitoa kwa majaribio katikati ya Julai. Nyamatope anatoka kwenye tope, miguu ya korongo, masikio, ulimi, na nyuma hakuna kitu. Halafu maandishi yanatokea: "Nyamatope hana mkia. Wewe unaogopa nini? Mwazime, na uandike jina lako."

Shangazi, watu wameandika! Elfu nne na zaidi. Sindano. Fimbo ya hesabu. Jogoo. Mtoto mmoja wa Songea ameandika, "Mlango wa gari la baba ukifungwa kwa nguvu." Kila mmoja na jina lake chini. Ulisikitika kwamba hakuna aliyeandika jina la mtoto wa nyoka; haya, hawa wote wameandikwa.

Tarehe kumi na nne mwezi huu ukaja ujumbe kutoka namba ya Msumbiji. Naunakili kama ulivyo: "Nyie mnamjua wapi Nyamatope wa kwetu? Mkia wake ni upawa wa mama. Ukigongwa chunguni mara tatu anarudi nyumbani."

Hakuna mwingine duniani wa kuandika vile. Nikamwandikia jina langu. Siku sita kimya. Mara ya kwanza aliyonijibu alinitukana kwa kuuchora ulimi wangu mrefu kuliko haki yake, nikajua ni yeye. Yuko Nampula, ana karakana ya pikipiki, mzima wa afya. Aliona gemu kwenye simu ya mteja. Ana binti wa miaka mitatu. Nilimuuliza jina la mtoto, akasema hawezi kuniambia mimi kabla hajamwambia mwenye nalo.

Kisha akauliza swali moja, na tangu hapo hajaandika tena: "Mama anasemaje?"

Sikumjibu. Nimejifunza. Cha mtu husemwa na mwenyewe. Khamisi anarudi huku Ijumaa, naisubiri barua yako.

Ashrafu


Mtunda
27 Agosti 2025

Mwanangu Ashrafu,

Alhamdulillahi, alhamdulillahi. Salamu nyingine sina, hiyo inatosha nyumba nzima. Yasmin analia na kucheka kwa pamoja, wanawe wanamshangaa.

Nimeushusha upawa. Ulikuwa na utando wa buibui mpaka kwenye kifuu, mpini umeanza kuliwa na wadudu. Nimeusugua kwa majivu. Leo nimepika wali wa nazi na kamba, na chakula kilipoiva nikagonga ukingo wa chungu mara tatu, ko, ko, ko, adhuhuri kweupe, kama nilivyokuwa nikiwaita nyie mkiwa mtoni. Wajukuu wakaja mbio. Nyuma yao wa jirani, nyuma yao wengine nisiowajua, kila mmoja na sahani, mmoja na mfuniko wa sufuria. Wote nimewapakulia. Hakuna aliyeuogopa.

Ameuliza mama anasemaje. Mwandikie hivi, neno kwa neno, usilipake rangi: Mama anasema alikosa. Mtoto hapigwi mbele ya wenzake, na mkubwa hapigwi kabisa. Mama anasema Nampula si kosa, kosa ni kimya, na kimya hicho tumegawana wawili.

Mkia bado usimchore. Atausema mwenyewe, hapa mkekani, na huyo mwenye jina langu (unadhani sikuelewa?) ataazima kiungo chake naye. Nataka nijue watoto wa Nampula wanaogopa nini.

Na wewe, mwoga wa mbuzi, usinitajie Idi tena. Njoo na lori la Khamisi.

Nimefunika sahani tatu. Ya kwako ni ya bluu, ndogo ni ya mwenye jina langu. Kubwa ni ya Twalibu, mwambie imefunikwa tangu 2019, leo nimebadilisha wali tu.

Shangazi yako,
Mwanamina